Miaka 10 ya ndoa, wiki moja ya Karibi: jibu kwa Baba Rehema

SWALI: Dada, mimi na mke wangu tunaishi Minneapolis. Februari ijayo tunatimiza miaka 10 ya ndoa na fungate hatukuwahi kwenda. Yeye anafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee, mimi niko ghalani mchana, tunapishana mlangoni. Shangazi amekubali kukaa na watoto wiki moja. Tuna dola 4,000 na tunatamani meli ya kitalii ya Karibi, ila nina hofu tatu. Mimi ni raia, lakini yeye ana grini kadi na pasipoti yake ya Tanzania imeisha muda. Pili, mwaka wa harusi yetu alitapika njia nzima kwenye boti ya Unguja. Tatu, nasikia melini bei unayoiona siyo unayolipa. Twende, au tutafute hoteli ya ufukweni? Na tukienda, safari ipi? (Baba Rehema, Minneapolis)

JIBU: Baba Rehema, nendeni. Hoteli ya ufukweni si mbaya, lakini kwa watu wanaopishana mlangoni meli ina jambo moja ambalo hoteli haina: ikishang'oa nanga, hakuna pa kwenda. Hakuna duka la kupitia mara moja, hakuna msimamizi anayepiga simu kuomba uongeze zamu, maana simu yenyewe mmeizima. Kwa hiyo chagueni safari kwa kuhesabu siku za baharini kwanza, bandari baadaye. Wateja wangu wengi hufanya kinyume. Wanaona pesa imewatoka, basi wanataka visiwa sita kwa siku saba, na wanarudi wamechoka kuliko walivyoondoka.

Tuanze na karatasi, kwa sababu zisipokaa sawa haya mengine yote ni porojo.

Wewe raia, kwenye safari inayoanzia na kuishia bandari ileile ya Marekani, unaruhusiwa kusafiri na cheti chako cha uraia pamoja na kitambulisho chenye picha. Usifanye hivyo, beba pasipoti. Siku mtakayoachwa na meli, au mmoja wenu akalazwa hospitali ya kisiwani, mtarudi kwa ndege, na ndege ya kutoka nchi nyingine haikupokei kwa cheti.

Wifi yangu (huyo wa nyumbani, siyo ya intaneti, hiyo nitaifikia) ana jambo tofauti. Grini kadi inatosha kumrudisha Marekani. Kazi ipo kwenye kupanda. Kila kisiwa kina masharti yake kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, kila kampuni ya meli nayo ina yake, na pale gatini anayeamua ni karani wa kampuni mwenye foleni ndefu mbele yake. Akikuta pasipoti imeisha muda anaweza kuwarudisha nyumbani, na nauli haitarudi. Basi wiki hii hii aanze kufuatilia pasipoti mpya kupitia ubalozi wa Tanzania Washington, na msilipe senti isiyorudishwa kabla hajaishika mkononi. Angalieni na majina. Kama grini kadi ina jina la ndoa na pasipoti ina jina la kwao, waulizeni kampuni tiketi iandikwe lipi, na cheti cha ndoa kiwe mkobani. Kisha waandikieni barua pepe mkitaja uraia wake, grini kadi yake na kila bandari mtakayotia nanga, muombe jibu la maandishi. Lichapeni mlibebe. Nimeona jibu la aina hiyo likimaliza ubishi gatini kwa dakika moja.

Niwakumbushe na wasomaji wengine, hasa ndugu zetu wa Kongo na Burundi ambao kesi zao za hifadhi hazijaisha: kushuka Nassau hata kwa saa nne ni kutoka Marekani. Msinunue tiketi yoyote kabla ya kuzungumza na wakili wenu.

Sasa safari yenyewe. Wauzaji wanaigawa Karibi mara tatu. Magharibi ni Cozumel, Grand Cayman, Jamaica, Roatán na Belize. Kusini ni Aruba, Curaçao, Bonaire, Barbados na wenzake. Mashariki ni San Juan, St. Thomas, St. Maarten, wakati mwingine Puerto Plata. Zile safari fupi za usiku tatu au nne kwenda Bahamas ziacheni. Bahamas iko Atlantiki, juu kabisa, na baridi ya kaskazini ikishuka Januari unaweza kukuta ufukweni watu wamevaa sweta. Hamkutoka Minnesota kuja kuvaa sweta.

Kusini ndiko ninakokupenda mimi binafsi. Ukiamkia Willemstad, Curaçao, ukaona zile nyumba za rangi kando ya maji na lile daraja la Malkia Emma la mwaka 1888, linaloelea juu ya maboya na kusogea pembeni na watu wake ili meli ipite, unasahau baridi ipo duniani. Lakini safari nyingi za huko ni bandari kila kukicha, na zile zinazoanzia San Juan zinataka nauli kubwa zaidi ya ndege. Iwekeni akiba kwa miaka 15 ya ndoa.

Kwenu nachagua Mashariki, usiku saba, kutoka Miami, Fort Lauderdale au Port Canaveral. Sababu ya kwanza ni umbali: kutoka Florida hadi San Juan ni kama maili 1,000 za baharini, kwa hiyo meli haina ujanja, lazima iwape siku nzima za maji matupu kwenda na kurudi. Sababu ya pili ni karatasi: San Juan na St. Thomas ni maeneo ya Marekani, kwa hiyo bandari za kigeni za kuulizia viza zinabaki moja au mbili.    Kwenye ratiba mara nyingi hizo zitakuwa St. Maarten au kijisiwa cha Bahamas.

Mashariki ina kasoro moja, nayo inagusa hofu yako ya pili. Miezi ileile ambayo kwetu Tanga na Unguja kunavuma kaskazi, Desemba hadi Machi, Karibi nako kunavuma upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, na meli inayotoka Florida kwenda San Juan inaukabili uso kwa uso. Upande wa Magharibi mara nyingi bahari ni tulivu zaidi, maana Cuba inakinga. Kama wifi angekuwa mtu wa kutapika hata kwenye basi la Dar kwenda Tanga, ningewapeleka Magharibi bila mjadala. Lakini safari moja ya boti haimhukumu mtu. Boti ya Unguja ni nyepesi na inakwenda mbio, kila wimbi inalipiga kwa tumbo. Meli ya kitalii ya tani laki moja na zaidi inaliponda wimbi hilo bila kikombe cha chai kumwagika, na ubavuni chini ya maji ina mapezi mawili yanayozuia isiende mrama.

Kitu ambacho mapezi hayazuii ni ile hali ya omo, yaani mbele ya meli, kupanda na kushuka. Fikiria bembea ya ubao: watoto wa kwenye ncha wanarushwa, wa katikati hata hajui. Kwa hiyo kabini yenu iwe katikati ya meli na sitaha za chini kiasi, mbali na tezi (nyuma) na omo (mbele). Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa tumbo la wifi, afadhali muanzie karibu na ngama, kule chini ndani ya chombo, huko huko. Tena msikubali ile bei nafuu ambayo kampuni inakuchagulia kabini yenyewe, kwa sababu zinazobaki ni hizo za nchani. Kabla ya kulipa fungua ramani ya meli uangalie kilicho juu ya kichwa chako na chini ya kitanda chako. Mimi niliwahi kujisifu nimepata bei ya kutupa, kumbe nilikuwa chini kabisa ya sitaha ya bwawa la kuogelea. Kila alfajiri saa kumi na moja vijana wanapanga viti, na kiti cha chuma kikiburutwa juu ya dari yako kinalia kama punda. Kabini tulivu ni ile yenye kabini nyingine juu yake na kabini nyingine chini yake.

Dawa: meklizini inauzwa Marekani bila cheti cha daktari. Ameze usiku wa kuamkia safari, asingoje mpaka tumbo limeanza. Inaleta usingizi, na kama ana dawa nyingine au ni mjamzito amuulize mfamasia kwanza. Tangawizi nayo inasaidia wengi, na kutazama mstari wa upeo wa macho kunasaidia pia, jambo linalotuleta kwenye roshani.

Kabini ya ndani isiyo na dirisha ni nafuu, na ina giza ambalo wafanyakazi wa zamu za usiku wanalipenda kuliko dhahabu. Nilisita kidogo hapa nikimfikiria mama Rehema. Lakini hii ni fungate. Chukueni yenye roshani. Asubuhi ile meli inapoingia Charlotte Amalie, mji wa bandari wa St. Thomas, jua halijapanda vizuri, vilima vya kijani vinasogea taratibu pande zote, taa za nyumba bado zinawaka, na nyinyi mko na vikombe vya kahawa mmevaa khanga na msuli: hiyo ndiyo mliyoilipia, na haipatikani kwenye bufee ya sitaha ya juu mkigombea meza na watu elfu mbili.

Ukubwa wa meli usiwasumbue. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, inabeba watu 5,610 wakilala wawili wawili, na ina mabwawa na maporomoko ya kuteleza ya kila namna. Wapelekeni watoto siku nyingine. Wawili peke yenu mtafaidi zaidi meli ya abiria 2,500 hadi 3,500, nzito ya kutosha kutulia, ndogo ya kutosha kumkuta mhudumu yuleyule mara mbili akakukumbuka jina.

Tarehe nayo ni pesa. Msimu wa vimbunga unaanza Juni 1 na kuisha Novemba 30, kwa hiyo Februari hamna wasiwasi huo. Tarajieni nyuzi 27 au 28 mchana na mvua za kupita. Bei inapanda wiki ya sikukuu ya Marais, ambayo ni Jumatatu ya tatu ya Februari, kwa sababu shule nyingi zinafungwa, kisha inapanda tena Machi wanafunzi wa vyuo wanapoteremka. Wiki ya mwisho ya Januari au ya kwanza ya Februari ndiyo yenu. Ndoa haitadai faini mkisherehekea siku kumi mapema.

Tuhesabu. Hizi namba ni makisio yangu ya kawaida kwa wiki hizo. Meli moja itakuwa juu, nyingine chini. Kabini ya roshani kwa wawili, usiku saba, kodi na ada za bandari zikiwemo, dola 2,200. Bei hutangazwa kwa mtu mmoja mwenye mwenzake chumbani, kwa hiyo ukiona 899, zidisha kwa mbili kwanza ndipo ushangilie. Bakshishi za wahudumu hukatwa zenyewe, dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku. Tukishika 18, kwa wawili kwa siku saba ni 252. Ndege Minneapolis hadi Florida, 600 kwa wote wawili. Hoteli usiku mmoja kabla ya safari 180, teksi za kwenda na kurudi bandarini 100, bima ya safari 130. Jumla 3,462. Mnabaki na dola 538 za kutumia, na hapo ndipo watu wanapoteleza.

Kinachowatelezesha zaidi ni vinywaji. Kifurushi cha pombe huuzwa kwa siku, mara nyingi dola 70 hadi 100 kwa mtu na ushuru wa huduma juu yake, na kampuni nyingi zinalazimisha watu wazima wote wa kabini moja wanunue. Yaani wewe unywe bia tatu kwa siku, wifi anywe maji, na mlipe wawili zaidi ya dola 1,000 kwa wiki. Kunywa bia zako tatu kwa kulipa moja moja; hata zikiwa dola 10 kila moja ni 210 wiki nzima. Maji, chai, kahawa ya kawaida na juisi ya asubuhi ni bure. Chakula cha bufee na cha ukumbi mkubwa ni bure pia, na kinatosha. Zile hoteli ndogo za kulipia ndani ya meli chagueni moja, usiku mmoja, mle nyama nzuri, muishie hapo.

Melini hakuna kulipa taslimu. Unapewa kadi ya kabini inayofungua mlango na kununua kila kitu, nayo imefungwa kwenye kadi yako ya benki. Fungeni kadi ya mkopo. Ukifunga ile inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, kampuni inaweza kuzuia kiasi cha pesa kila siku na kuziachia siku kadhaa baada ya kurudi, na kodi ya nyumba ikagonga mwamba kwa sababu ya piña colada. Intaneti nunueni ya simu moja tu, siyo mbili. Jioni mnampigia shangazi WhatsApp, mnaona nyuso za watoto, mnazima. Na simu zote ziwekwe hali ya ndege tangu gatini, kwa sababu mtandao wa simu wa baharini hauna huruma. Dakika chache za kusahau zinakuletea bili ya kukuondolea hamu ya safari.

Bima usiikate kwenye bajeti hata kama mkono unawasha. Daktari wa meli anatoza kama daktari wa binafsi, bima nyingi za afya za Marekani hazilipi nje ya nchi au zinalipa kwa masharti, na kumtoa mgonjwa kisiwani kwa ndege ni makumi ya maelfu ya dola. Tafuteni inayotaja kwa maandishi kumsafirisha mgonjwa na safari kukatizwa. Kuna tena jambo dogo ambalo wengi hawalijui: baada ya kuweka amana, bei ikishuka kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho, ambayo huwa kama siku 75 hadi 90 kabla ya kuondoka, piga simu uombe washushe. Mara nyingi wanakubali.

Ile hoteli ya usiku mmoja nimeihesabu makusudi. Msithubutu kuruka asubuhi ya siku ya meli. Nyinyi mnatoka Minnesota mwezi wa theluji! Ndege ikichelewa saa tatu kwa kunyunyiziwa dawa ya barafu, meli haiwangoji. Milango hufungwa saa moja au saa moja na nusu kabla ya kuondoka. Kama meli inaondoka Jumapili, Jumamosi mchana muwe Florida mnakula samaki.

Bandarini ni sehemu ambayo dola zenu 538 zitakwenda mbali kama hamtanunua ziara za meli. San Juan shukeni kwa miguu. Mji wa kale uko palepale gatini, na barabara zake zimetandikwa mawe ya rangi ya bluu. Pandeni hadi El Morro, ngome ya Wahispania iliyoanza kujengwa mwaka 1539. Kiingilio ni dola 10 kwa mtu na kinafungua pia ile ngome nyingine ya San Cristóbal. Ukizoea Fort Jesus utadhani ni ndugu wamepotezana: mabunduki yaleyale yaliyoelekezwa baharini, hofu ileile. Kisha tafuteni mofongo, ndizi mbichi zilizokaangwa zikatwangwa kwenye kinu na vitunguu saumu. Inatengenezwa na ngozi ya nguruwe pia, kwa hiyo asiyekula aseme mapema.

St. Thomas mtacheka. Marekani ilivinunua Visiwa hivi vya Virgin kutoka Denmark mwaka 1917 kwa dola milioni 25, na hadi leo magari yanapita kushoto kama nyumbani, ila usukani nao uko kushoto. Yale magari ya wazi ubavuni, yenye mabenchi nyuma, yanayobeba abiria na watalii, wenyewe wanayaita "safari". Ndiyo, kwa neno letu hili hili. Ukipanda utakumbuka chai maharage, yale magari ya abiria ya zamani ya Dar, upepo unakupiga usoni na magoti ya jirani yanakugusa. Yawapeleke Magens Bay, ufukwe wa karibu maili nzima wenye maji ambayo hayana haraka. Kwa chakula cha mchana ulizeni "fungi", tamkeni funji. Ni ugali. Ugali wa mahindi uliosongwa na bamia, unakuja na samaki. Barbados wanauita cou-cou, Curaçao funchi. Ukizunguka visiwa hivi utakutana pia na wali uliopikwa na maharage kwa tui la nazi, na shelisheli ya kuchoma kama ya Pemba. Wifi atataka kuingia jikoni kuuliza. Mwache aulize, hiyo ni ziara bora kuliko ile ya dola 120. Mafuta ya kujikinga na jua yanunueni yasiyo na oksibenzoni, maana visiwa hivyo vilipiga marufuku kemikali hiyo mwaka 2020 kwa ajili ya matumbawe.

St. Maarten ni kisiwa kimoja, nchi mbili: Wafaransa na Waholanzi waligawana mwaka 1648 na mpaka hauna geti. Upande wa Ufaransa, Grand Case, kuna vibanda vya kuchoma nyama na samaki vinavyoitwa lolo, moshi na pilipili kama Forodhani ya jioni. Ila masharti ya viza ya upande ule si ya upande wa Uholanzi, na kutokuwepo kwa mkaguzi si ruhusa. Kama karatasi za wifi hazijajibiwa wazi, bakini upande wa Uholanzi. Philipsburg ina ufukwe wake mjini, na Maho, ambako ndege zinatua zikipita juu ya vichwa vya waogaji, iko upande huo huo.

Jihadharini na saa. Wakati wa baridi visiwa hivi viko mbele ya Florida kwa saa moja. Simu inajibadilisha, na meli inaweza kubadilisha au isibadilishe. Saa ya kufuata ni ya meli. Vaa saa ya mkononi, ile ya kizamani, iseti na saa ya ukutani ya melini. Wakisema wote ndani saa kumi na nusu, nyinyi saa kumi muwe getini.

Jioni ya kuvaa rasmi, ambayo huwa moja au mbili kwa wiki, usikodi suti. Kitenge kilichoshonwa sare, au kanzu na koti kwako na dera zuri kwake, vitapita kuliko suti zote ukumbini, na wapiga picha wa meli watawafuata. Ombeni mapema meza ya watu wawili, la sivyo mtawekwa na wageni sita. Wasiokula nguruwe waandike kwenye fomu tangu wakati wa kulipia, siyo siku ya kwanza mezani. Na someni beji za wahudumu, zinaandika jina na nchi. Mara kadhaa nimekuta "Kenya", nikasalimia kwa Kiswahili, na kuanzia hapo chai yangu ikawa inakuja na iliki iliyotokea sijui wapi. Mikono osheni kwa maji na sabuni kabla ya bufee. Ile dawa ya kupaka mikononi haiui vizuri virusi vya norovirusi, ambavyo ndivyo vinavyoharisha meli nzima.

Usiku wa mwisho mtaambiwa muweke masanduku nje ya mlango kabla ya saa sita, yachukuliwe, mkayakute gatini asubuhi. Ndege ya kurudi isiwe kabla ya saa sita mchana. Makoti ya Minnesota yawe mkononi, siyo ndani ya masanduku, kama mnaunganisha ndege mji wa baridi. Na kabla ya kuyatoa masanduku hayo mlangoni, simameni mhakikishe kila mmoja amebakiza suruali au gauni, viatu, na pasipoti. Mteja wangu mmoja alipanga vizuri mno. Alishuka Fort Lauderdale mbele ya maofisa wa uhamiaji akiwa amevaa joho la kuogea la meli, na joho lenyewe kampuni ya meli ilimtoza.